Jicho la Foto: Kandege mu beseni



Mwezi huu nilipaswa kuendelea na foto za ubatizo mu kanisa lenye giza, sawa nilivyoahidi. Lakini barua moja imenisukuma pembeni. Mama moja wa Kolwezi ameniandikia kurasa mbili kamili, na mu bahasha ametia foto tatu. Ubatizo utangoja kidogo. Padri haendi mahali.

Mambo ya mama ni haya. Mutoto wake mwanaume, wa miaka 15, alipewa na mujomba wake apareyi ya foto ya numeriki pamoja na flashi ya kutia juu. Tangu mwezi wa tano, kila siku kisha masomo, anatia maji mu beseni, analiweka chini mu lupango, analala kwa tumbo nyuma ya pipa tupu na kungojea tundege tuje kuoga. Tundege tunakuja, flashi inapiga. Mama anaandika: «Nkambo yake anasemaka ule mwangaza utapofusha tundege, na siku moja tutajibu mbele ya Mungu. Miye ninauliza juu ya mayi. Tunaamkaka saa kumi ya usiku kuchota mayi ku robinet, halafu yeye anaogesha tundege!»

Maulizo yake ni tatu. Ule mwangaza unapofusha ndege? Sababu gani foto zinatoka mubaya ingawa flashi iko na nguvu? Na amukataze mutoto, ao amuache? Nitajibu yote tatu. Kisha nitaongeza la ine, ambalo mama hakuuliza. Liko ndani ya foto ya tatu. Nilipoliona niliweka kopo la chai chini.

Nianze na Nkambo, maana yeye ndiye mukubwa wa ile nyumba, na ulizo lake ni la mutu mwenye huruma. Nkambo, ndege wa muchana amezoea jua letu la mwezi wa nane, na flashi ndogo mbele ya lile jua ni kitu cha kupita tu. Mu miaka yangu yote ya kazi sijaona kandege ka muchana kakigonga muti ao ukuta kisha flashi kupiga. Ninaonaka mambo tatu. Kengine kanaendelea kuoga kama vile hakuna kitu. Kengine kanaruka juu ya tawi, kanatuangalia vizuri, kanarudia. Kengine kanaenda, na siku ile hakarudii tena. Mara nyingi ni sauti ndiyo inakaruisha, ule «klak» wa apareyi, hapana mwangaza. Kijana ajaribu siku moja kupiga bila flashi, ataona vile tunashituka.

Lakini kuna pahali pawili ambapo Nkambo ana haki kabisa: usiku, na ku kiota. Usiku macho ya mnyama yamefunguka sana kutafuta mwangaza kidogo, na kumupiga flashi pale ni kumuacha haoni kwa muda. Na ku kiota, mama wa ndege akishituka mara nyingi anaweza kuacha mayai yapoe, ao kuwaonyesha adui njia ya watoto wake. Hata wakubwa wa kazi hii walilipa. Mwingereza Eric Hosking, mupiga-foto mukubwa wa ndege, alipoteza jicho lake la kushoto mwaka 1937 kule Wales: bundi alimurukia usoni karibu na kiota. Kwetu watu wangesema mengi juu ya mutu aliyetobolewa jicho na bundi. Yeye alirudia kazini na jicho moja, na mwaka 1948 alipiga kwa flashi ile foto yake ya bundi mwenye mabawa wazi, foto iliyozunguka dunia. Basi kijana, kiota hapana. Usiku hapana. Na ukiona kandege kanaacha kuoga kila mara flashi inapiga, funga flashi, keti tu uangalie.

Sasa karibia wewe mwenyewe, tuzungumuze kazi.

Foto yako ya kwanza ni ya kale kandege ka tumbo la bluu na mugongo wa rangi ya udongo, kanakookota mbegu mu njia na wenzake. Kametoka sawa tuwili: kamoja kana manyoya wazi kabisa, kengine kako sawa moshi juu yake. Ulifikiri flashi imeshindwa. Haikushindwa. Ulipiga mu jua. Apareyi ilifungua jicho lake kwa 1/200 ya sekunde. Mu ile nafasi flashi iliandika foto moja, jua likaandika ingine pembeni yake. Wawili wale wanapigana. Hamisha kazi yako chini ya muembe, mu kivuli kizito, ao ngojea jua lishuke kidogo. Ukitaka kujua kama kivuli kinatosha, zima flashi na upige foto moja kwa mapimo yale yale. Ikitoka karibu nyeusi, ni muzuri: pale flashi peke yake ndiyo itaandika.

Usijaribu kushinda jua kwa kupandisha mbio ya apareyi. Kila apareyi iko na mupaka wake na flashi. Za zamani za filme zilikuwa 1/60 ao 1/125, nyingi za leo ni karibu 1/200 ao 1/250. Ukiupita, sehemu ya foto inakuwa nyeusi. Zingine zinabadilisha namna: flashi inapiga vipande-vipande vingi vya haraka, na mwangaza wa namna ile hausimamishi maji tena.

Na jambo linalosumbua watu wengi, hata sisi wa studio lilitusumbua, ni hili: ili kusimamisha tone la maji hautafuti nguvu, unatafuta udogo. Flashi hizi za kutia juu, ukizipunguza nguvu, zinawaka wakati mufupi zaidi. Kwa nguvu yote, inawaka karibu 1/1000 ya sekunde, ao hata zaidi ya pale. Ukiishusha mpaka 1/16, inawaka karibu 1/10.000 tu. Tufanye hesabu ya darasa la sita. Tone linaloruka metre 2 kwa sekunde, mu 1/200 linatembea sentimetre 1 nzima: utaona mustari. Mu 1/10.000 linatembea sehemu ya tano ya milimetre: utaona tone, la muviringo, na labda muembe mudogo uliopinduka ndani yake. Mwamerika moja, Harold Edgerton, aliyekuwa mwalimu wa MIT, ndiye alipeleka mbele mambo haya ya flashi ya umeme tangu miaka ya 1930. Ile foto ya tone la maziwa lililosimama sawa taji ya mufalme ni yake. Alisimamisha hata mabawa ya wale ndege wadogo wa Amerika wanaosimama hewani mbele ya maua.

Lakini flashi yenye nguvu kidogo haifiki mbali, na ndiyo sababu inapaswa kukaribia. Mwangaza unachoka upesi: ukiiweka flashi mbali mara mbili, ndege anapata robo tu. Mujomba wako alikuletea flashi ya namba 28, mama ameandika hivyo. Kwa 1/16 inabaki namba 7. Apareyi ukiitia ku ISO 400, inakuwa 14. Weka flashi metre 1 na robo kutoka beseni, fungua ku f/11. Ukisimamisha kipande cha rido nyeupe mbele yake ili mwangaza uwe laini, fungua zaidi kidogo, f/8. Jaribu juu ya kiazi kilicholowana mbele ya kujaribu juu ya ndege. Kiazi hakichoki.

Na uitoe juu ya apareyi. Flashi ikiwa karibu na obyektifu, macho ya mnyama yanarudisha mwangaza mu apareyi, yanatoka mekundu ao meupe sawa ya mugonjwa. Kwa waya yake, ao kwa kale kachombo ka redio, uifunge juu ya kijiti upande wa kushoto ao wa kuume, juu kidogo kupita ndege. Maji yatawaka kwa pembeni, na hapo ndipo matone yanapendeza. Ikae pale pale toka mbele. Tundege tunazoea kijiti. Hatuzoei kijiti kinachotembea.

Foto yako ya pili ni ya saa tisa ya muchana, lakini nyuma ya ndege ni usiku mweusi. Ni ile hesabu ya robo tena: mwangaza ulifika ku ndege, ukafa mbele ya kufika ku ukuta. Simamisha tawi la majani nusu metre nyuma ya beseni, likae juu ya kijiti chembamba. Usilete kichaka, tawi moja tu. Nitarudia juu ya neno hili kichaka.

Wenye telefone musikasirike. Ile taa ya telefone haiko flashi ya namna hii. Inawaka muda murefu sawa turusi, haisimamishi tone. Kwa telefone mufanye kinyume: mutumie jua, ndege awe kati yenu na jua, na mupige foto nyingi kwa mufululizo. Matone yatawaka yenyewe.

Maneno mawili kwa wale wanaopenda kufungua vitu. Najua vijana wetu, wanatengeneza redio kwa kisu cha jikoni. Flashi usifungue. Ndani yake muko kondensateri inayoshika umeme wa volti karibu 300, na inaushika hata kisha kutoa mapile. Inaweza kukutupa chini, ao mubaya zaidi. Na zile flashi za zamani zinazouzwa bei rahisi ku soko zinafanya kazi muzuri juu ya apareyi ya filme, lakini zingine zinarudisha umeme mwingi ku miguu ya apareyi na zinaweza kuua ya numeriki. Fundi apime kwanza.

Maji sasa. Mama, hapa mimi naogopa kukupinga, sababu hata kwangu mambo yalikuwa yale yale. Siku bibi yangu aliponikuta nikijaza beseni kubwa la kufulia, hakupiga kelele. Alichukua kikombe cha bunga, akapima nusu litre, akasema: «Njo hii. Na ile inabakia, unatosha ku lengalenga.» Hatukuzungumuza tena juu ya ile. Na alikuwa na haki kwa kazi yenyewe: kandege hakatafuti maji ya kina. Sentimetre 2 ao 3 zinatosha, na jiwe moja ndani ili miguu isiteleze. Sahani ya emaye iliyotoboka inafaa kupita beseni jipya. Maji ya kwanza ya kuoshea mboga yanafaa. Ya sabuni hapana, hata kidogo, sababu sabuni inaondoa mafuta ya manyoya, na maji yanaingia mpaka ku ngozi. Na wale wanaokaa karibu na mine: yale maji ya rangi ya bluu na majani-mabichi ambayo watoto wanasema ni mazuri, musiyalete. Yanapendeza mu foto, lakini ni sumu. Jioni mwaga maji yote juu ya bustani. Mbu anahitaji siku nyingi mu maji ili mayai yake yakuwe mbu. Beseni linalomwagwa kila siku halimupi nafasi.

Wala kuoga kwa ndege haiko mchezo wa bure. Ndege wanaokula mbegu wanatafuta maji kila siku mu kiangazi, na manyoya yanahitaji kuoshwa ili yapangike sawa. Kule Newcastle, Uingereza, wataalamu waliandika mwaka 2009 juu ya kwezi, ambao walinyimwa maji ya kuoga kisha wakarushwa katikati ya nyuzi zilizoninginizwa: waligonga nyuzi nyingi kupita wenzao waliooga. Ndege asiyeoga anaruka mubaya. Lakini na ule anayeoga, wakati ule ule akiwa amelowana, ni muzito, hawezi kukimbia upesi. Dakika ile ndipo sisi tunapiga foto.

Na sasa ninafika ku foto ya tatu. Kwa kuieleza nitarudi Likasi, mwaka 1994, wakati inchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre.

Nilikuwa na kastudio kangu. Mishahara ilikuwa inachelewa, ndoa zilipunguka, foto za kartidantite pia. Maziko peke yake hayakupunguka. Basi alasiri nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na flashi ya zamani yenye jicho la kujipimia, ambayo kwa karibu ilikuwa inawaka muda mufupi sana bila mimi kujua ni bahati gani, na filme moja ya rangi, ya mwisho mu kabati. Nilitaka kale kandege kekundu kanakoingia mpaka mu jikoni kuokota bunga ya bukari iliyoanguka. Dume ni jekundu, jike ni la rangi ya udongo na wekundu kidogo tu. Walikuwa wanakuja wawili, siku zote wawili. Jirani alikuwa ananiona nikilala chini na mwangaza ukipiga nyuma ya ukuta, akauliza: «Muzee, unasude nini kila siku saa kumi?» Alifikiri nimefungua atelye ya kusude vyuma.

Beseni nililiweka chini ya majani marefu, upande wa ukuta. Sababu gani? Sababu yale majani yalikuwa mazuri nyuma ya ndege. Sikufikiri kitu kingine.

Siku ya tatu walikuja, wakaoga, nikapiga mbili. Siku ya ine nikapiga mbili zingine. Siku ya tano jike lilikuja peke yake, likakaa juu ya tawi, halikushuka. Karibu na beseni niliokota manyoya mekundu.

Pale kuvuka barabara kulikuwa mutoto moja wa miaka kama 10, anayejulikana kwa manati na kwa kutega na bulimbo. Tundege alikuwa anatuchoma juu ya makala, wawili-wawili ku kijiti, sawa watoto wote wa siku zile ambao nyumbani bukari haikuwa ya kila siku. Sikuuliza mutu. Nilivuka barabara, nikasema mbele ya mama yake kwamba ni yeye. Mutoto akakataa. Nikasema tena, kwa sauti ya mutu mukubwa mwenye studio. Mama yake akamupiga pale pale mbele yangu, na mimi nikarudi nyumbani nikijisikia kwamba nimefanya kazi ya haki.

Filme ilipelekwa Lubumbashi kusafishwa. Ilirudi kisha majuma tatu. Nilifungua bahasha mu mulango wa studio. Foto za kandege zilikuwa ine. Zilikuwa nzuri, sitasema bongo. Matone yalisimama, manyoya ya kichwa yalisimama, jicho lilikuwa wazi. Na nyuma, mu yale majani mazuri, kulikuwa tudoa tuwili twa mwangaza wa kijani, pamoja, sawa taa za gari lililo mbali. Mu foto ya kwanza ya siku ya tatu vilikuwa nyuma kabisa. Mu ile ya mwisho ya siku ya ine vilikuwa karibu na beseni, na chini yake niliona masharubu. Ilikuwa pushi. Ilikuwa pushi yetu, ule anayelala juu ya kiti changu.

Flashi ilimuona mara ine. Mimi nilikuwa na jicho ku kandege tu.

Nilichukua ile foto, nikavuka barabara. Nilimuonyesha mama kwanza, kisha mutoto. Aliishika muda murefu. Nilingojea alie ao anitukane. Alisema: «Pushi yako nilimuonaka tangu siku ya kwanza. Weye haukuniuliza.»

Niliomba musamaha, na kwake na kwa mama yake, na mimi ni mutu ambaye kuomba musamaha kwa mutoto haikuwa mu malezi yangu. Niliwapigia foto ya jamaa nzima bila kulipa. Waliipokea. Kama mama yake alinisamehe kabisa, sijui. Mpaka tulipohama alikuwa ananisalimia kwa kichwa tu.

Lakini mutoto alikuja siku ingine peke yake, akasimama mu lupango, mikono mu mifuko. Aliangalia beseni langu akacheka. Mutu anayetega anajua mambo ambayo sisi hatuyajui. Aliniambia kwamba kandege hakashuki ku maji moja kwa moja: kanakaa kwanza juu sana, kisha ku tawi la chini, kisha kando ya maji, na kila mara kanaangalia pande zote. «Ukitia mayi mu majani, kanaogopa. Kanakuja tu juu kiu imekashinda.» Alitoa beseni pale, akahesabu hatua ine mpaka wazi, akaliinua juu ya matofali matatu, akasimamisha tawi kavu pembeni. Kisha akanionyesha pahali pa kulala mimi: upande ambao upepo na jua haviniuzi, nyuma ya gunia. Ilikuwa ni mutego wake, bila bulimbo tu. Toka siku ile niliweka vile, na mpaka leo ninaweka vile: wazi, hatua ine kutoka majani yoyote marefu, tawi moja juu ili kandege kalicholowana kapate pahali pa kupanda na kukauka. Pushi akitaka kuja, anapaswa kuvuka uwanja, na kandege kanamuona.

Wawili wale wekundu sikuwaona tena pamoja. Jike lilikuja mpaka mvua za kwanza.

Basi mama wa Kolwezi, ulizo lako la tatu: usimukataze. Mutoto wa miaka 15 anayelala kwa tumbo saa mbili akingojea kandege, haendi kuchimba mu mashimo ya watu na hazunguki barabarani usiku. Mupe nusu litre yake. Mwambie apige foto tatu ao ine, kisha aweke apareyi chini na kuacha tumalize kuoga. Na Nkambo akae naye siku moja, juu ya kiti, mbali kidogo, aone mwenyewe kama tunapofuka.

Lakini beseni lihamishwe leo, kabla hajarudi kutoka masomo. Foto yake ya tatu ndiyo nzuri kupita zote. Tundege tatu twa kichwa cheusi na tumbo leupe, kamoja ndani ya maji, tuwili ku ukingo tukingojea zamu, matone yamesimama juu yao sawa mbegu za mutama zilizotupwa. Kwa mutoto aliyeanza mwezi wa tano, ni kazi ya mutu mukubwa. Nyuma yao kuna kichaka. Nimerudisha foto ile mu bahasha ya mama, na chini upande wa kushoto, mu giza la kichaka, nimezungusha bic nyekundu kuzunguka tudoa tuwili twa kijani.